Hereni za Marehemu

Bosi wangu ana namna tatu za kuniita. Akiniita "Mama", anaomba kitu. Akiniita "Meneja", anaagiza kitu. Akiniita "wewe", kuna kitu kimeharibika na ameshaamua nani kakiharibu. Jumanne ile aliingia kwenye banda la kukamulia saa moja asubuhi, viatu vyake vya ngozi vikiruka mavi kama mtoto anayeruka kamba, akaniita "Mama" mara mbili kabla hajafika mlangoni mwa ofisi. Nikajua ninachoombwa ni kikubwa.

Ofisi yenyewe ni kona ya banda iliyozibwa kwa mbao. Kuna meza, viti viwili, friji ya dawa inayonguruma kuliko fahali, na daftari la mifugo lenye jalada gumu jekundu, ambalo hata panya wanaliheshimu.

"Habari za asubuhi, Mama."

"Nzuri, Bosi. Umeamka mapema. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna neema." Akapangusa kiti kwa leso, akakaa. "Wale watu wa kiwanda cha maziwa wanakuja Ijumaa. Mkataba wa miaka mitatu, gari lao linakuja kuchukua maziwa hapa hapa getini. Wanachotaka ni shamba lenye ng'ombe sitini wanaokamuliwa."

"Tunao thelathini na nane."

"Najua."

"Basi wape salamu. Waambie mitamba wetu wakizaa tutawaita."

Hakucheka. Akaikunja ile leso mara nne, akaniambia ameshaongea na Jirani.

Jirani ni mwenye shamba lililo ng'ambo ya barabara, mtu wa kofia pana, anayefuga ng'ombe kama wengine wanavyofuga ndevu: anawaacha waote wenyewe. Mpango ulikuwa atuazime ng'ombe ishirini na wawili. Waingie Alhamisi, wahesabiwe Ijumaa, Jumamosi warudi kwao. Bosi aliueleza mpango huo kwa uso wa mtu aliyegundua maji.

"Na zizi la wageni?" nikamuuliza.

Hapa inabidi nieleze. Shambani kwetu ng'ombe wa nje haingii kundini siku anayofika, awe amenunuliwa au amepewa zawadi. Anakaa zizi la wageni siku ishirini na moja. Kila asubuhi namfungua mdomo, naangalia ulimi, naangalia kwato. Siku ya ishirini na mbili akiwa mzima, namkaribisha. Zizi lenyewe linachukua sita, wakibanana.

Sheria hiyo haikutoka chuoni. Miaka kumi na minane iliyopita, nilipokuwa mkamuaji tu, baba yake Bosi alinunua dume mnadani, akaniambia nimfungulie geti aingie na wenzake. Niliona mate yanamdondoka. Nilitaka kusema. Nikasema "sawa, Mzee", kwa sababu nilikuwa na miezi miwili kazini na sahani yangu nyumbani ilikuwa nyepesi. Mwezi haukuisha. Ndimi zilitoka malengelenge, kwato zikaachia, ndama wakafa wakinyonya. Daktari wa mifugo akaamuru wakubwa kumi na mmoja wauawe na wazikwe. Shimo tulilichimba nyuma ya zizi, wakamuaji wote, siku mbili. Yule dume aliingia kwa mkono wangu. Tangu hapo neno "sawa" hulitafuna kwanza kabla sijalitoa.

"Zizi la wageni ni sheria yetu wenyewe," Bosi akasema. "Tunaweza kuilegeza siku mbili."

"Sisi tutailegeza. Ugonjwa nani ataupa taarifa kwamba ni siku mbili tu?"

"Ng'ombe wa Jirani ni wazima."

"Umewafungua midomo?"

Akasimama. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili.

"Meneja," akasema, "Alhamisi jioni ng'ombe hao wawe ndani ya shamba hili. Wasipokuwa ndani, Ijumaa asubuhi niwekee funguo mezani. Zote. Na ya nyumba."

Akaondoka. Kiti alichokipangusa kilibaki safi, ndicho pekee.

Nyumba ya meneja ina vyumba vitatu na veranda. Veranda ni ofisi ya mume wangu. Ni fundi cherehani, na watu wa upande wote huu wanajua kwamba suruali iliyokataa kufunga inapelekwa pale. Chumba chenye dirisha la kutazama malisho ni cha mama yake, ambaye alikuja kutusalimia miaka saba iliyopita na bado anatusalimia.

Nilipowaambia, mume wangu alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati lake.

"Ukamjibuje?"

"Nimesema hapana."

"Hapana ya watu au hapana yako?"

"Yangu."

Akashusha pumzi. "Basi nianze kutafuta veranda nyingine."

"Ng'ombe ishirini na wawili ndio nini?" mama mkwe akauliza kutoka dirishani kwake. Masikio yake hayajui kustaafu. "Kwani wanakuja kuoa?"

"Wanaweza kuja na ugonjwa, Mama. Ndiyo maana mgeni anakaa pembeni kwanza, siku ishirini na moja."

"Mimi mlinikalisha chumba cha wageni nilipokuja."

"Tulikukalisha."

"Na ndimo nilimo mpaka leo. Sijakohoa hata siku moja, na hakuna aliyekuja kunifungulia geti."

Mume wangu akacheka kidogo, akaacha. Akavuta stuli, akakaa karibu nami, akateremsha sauti, ingawa mama yake angeisikia tu.

"Sikiliza. Kuna njia ya katikati. Alhamisi ugua. Tumbo, kichwa, chochote. Ulale humu ndani mpaka Jumamosi. Wataingia, watatoka, wewe hukuona. Funguo zinabaki, nyumba inabaki, na roho yako inabaki safi."

Lilikuwa wazo la mtu anayenipenda, ndiyo maana lilikuwa baya sana. "Nikiugua mimi Alhamisi," nikamwambia, "wao wataugua mwezi ujao. Na wao hawatakuwa wanaigiza."

"Wateja wangu wote wako hapa. Miaka kumi na minne."

"Najua."

"Sikulazimishi." Akarudi kwenye cherehani. "Ila naomba tusihamishwe kabla sijamaliza sare za shule. Zimebaki sketi tisa, na mwalimu mkuu ni mtu wa maneno."

Alhamisi saa tisa mchana alikuja mbio mkamuaji wetu mkuu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Alikuwa bado na ndoo mkononi.

"Meneja, wanakuja. Wamejaza barabara kuanzia mtaro huu hadi mtaro ule. Gari la mikate limesimama nyuma yao, dereva amekata tamaa, anakula bidhaa."

Nikaenda getini. Nikafunga kufuli, nikasimama kwa ndani, mabuti yangu ya mpira yamejaa udongo. Jirani alikuwa mbele na kofia yake, kundi nyuma yake linapumua kama kiwanda.

"Meneja, fungua basi. Jua linatuchoma."

"Karibu sana. Wewe pita, maji ya kunywa yapo. Na hao sita wa mbele watangulie zizi la wageni. Kumi na sita waliobaki warudi nyumbani kusubiri zamu. Baada ya siku ishirini na moja nachukua sita wengine. Nimepiga hesabu, tutakuwa tumemaliza wote kabla ya miezi mitatu."

"Mimi nimeambiwa siku mbili."

"Aliyekuambia ni mtu mzuri sana, ila funguo za geti hili ninazo mimi mpaka kesho asubuhi."

"Unamkatalia tajiri yako?"

"Namkatalia kila wiki. Wiki hii nimemkatalia mapema." Nikamnyooshea kidole ng'ombe mmoja mwenye doa jeupe kwenye paji. "Huyo mate yale ni ya nini?"

"Ana kiu."

"Mwenye kiu hutoa mate au huyameza?"

Jirani akavua kofia, akaivaa tena. "Unawatukana ng'ombe wangu mbele ya watu."

Watu wenyewe walikuwa Redio na dereva wa mikate. "Siwatukani," nikamwambia. "Nawaogopa. Ni heshima kubwa hiyo."

Alisimama dakika kumi, akimpigia Bosi simu ambayo haikupokelewa, kisha akageuza kundi. Kugeuza ng'ombe ishirini na wawili kwenye barabara nyembamba ni kazi ya kutazamwa ukiwa umekaa, na mimi nilikaa. Jioni nikaweka kufuli ya pili, nikaoga, nikalala usingizi wa mshindi. Mtu anayelala usingizi huo kabla mechi haijaisha ni mjinga aliyeoga.

Nilichosahau ni bonde. Malisho yetu ya bondeni yana geti lake dogo upande wa barabara ya chini, ambako lori la majani makavu huingilia. Ufunguo wa geti hilo ninao mimi, na mwingine anao Bosi.

Ijumaa tulikamua kama kawaida, na wakati wa kukamua kila mtu yuko chini ya ng'ombe, hakuna anayeangalia bonde. Saa mbili nikaziweka funguo zote mezani ofisini, ya nyumba juu kabisa, ili asisumbuke kuitafuta. Bosi akaingia na suti.

"Ziweke mfukoni kwanza, Meneja," akasema, sauti imepakwa asali. "Tumalize ugeni wa watu, mengine tutaongea."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nikadhani ameshindwa kiungwana.

Mkaguzi wa kiwanda alifika saa tatu. Mwanamke mfupi, mabuti yake mwenyewe ndani ya mfuko, kitu ambacho kilinifanya nimpende papo hapo. Hakuwa mtu wa maneno. Alichungulia vichujio vya maziwa, akanusa makopo, akaweka mkono kwenye tangi la kupozea. Aliuliza maji yanatoka wapi na akataka kuyaona yanakotoka. Kisha akasema, "Ng'ombe."

Nikabeba daftari jekundu, tukapanda malisho ya juu. Akahesabu wetu thelathini na nane. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia kwamba hao ndio wote wanaokamuliwa, Bosi akaniwahi.

"Na waliobaki wako bondeni."

Nikalikumbuka lile geti dogo.

Tukashuka. Walikuwa pale, wote ishirini na wawili, wanakula majani yetu bila wasiwasi. Shemeji yake Bosi, kaka wa mkewe, ambaye kazi yake duniani ni kuwa karibu, alisimama kwenye nguzo ya uzio ameficha mikono nyuma. Baadaye nilijua alikuwa ameshika koleo la kutobolea masikio. Maana kila ng'ombe wa Jirani alikuwa amevishwa hereni yetu, hereni ya plastiki ya njano yenye namba. Za ng'ombe wetu zimepauka kama meno ya mvuta sigara. Hizi ziling'aa. Masikio mengine yalikuwa bado yana damu mbichi na nzi wameshapata habari.

Nikasoma namba. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Zilifuatana mpaka sitini, kama watoto wa darasa la kwanza siku ya kupigwa picha.

Na hapo, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka.

Shambani kwetu namba hairudiwi. Daftari jekundu lilianzishwa na baba yake Bosi: ndama wa kwanza kuzaliwa hapa ni namba moja, wa pili namba mbili, na akifa au akiuzwa namba yake inaondoka naye. Ndama wetu wa mwisho, aliyezaliwa mwezi uliopita, ni mia mbili na kumi na nne. Wale thelathini na nane wa juu wana namba za ajabu ajabu, themanini na nane, mia moja thelathini na moja, mia moja sabini na sita. Bosi amerithi shamba miaka tisa sasa na hajawahi kufungua daftari hata kwa kutafuta simu ya daktari. Yeye alijua tu kwamba tuna thelathini na nane. Kwa hiyo, kwa akili yake, wa mwisho lazima awe namba thelathini na nane, na wageni waendelee pale tulipoishia. Alikwenda mjini akachapisha hereni.

"Vizuri," mkaguzi akasema. Hakuonyesha kitu usoni. "Nitataja namba chache, Meneja anisomee kwenye daftari. Lini amezaliwa, amezaa mara ngapi, ametibiwa nini. Ni utaratibu tu."

Bosi akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyevaa tai. Macho yake hayakutisha, yaliomba. Yalisema: soma chochote. Soma ya mwingine. Nani atajua?

Ilikuwa rahisi kweli. Ningefungua ukurasa wa yeyote aliye hai, nikabadilisha namba kwa mdomo, na nyumba ingebaki, na veranda ingebaki, na mama mkwe angeendelea na dirisha lake. Neno lenyewe lilikuwa limeshanifika kwenye ulimi. Sawa. Herufi nne. Nililijua uzito wake, nilikuwa nimelisema mara moja.

"Namba arobaini na tatu," mkaguzi akasema, akimwonyesha ng'ombe mwekundu aliyekuwa anatafuna karibu na bega lake.

Nikafungua daftari. Nikasafisha koo.

"Arobaini na tatu. Jina Mwalimu. Alizaa mara tano. Aliugua mwaka wa ugonjwa mkubwa, akauawa kwa amri ya daktari, akazikwa nyuma ya zizi. Nimemzika mimi, upande wa miguu."

Mkaguzi akamtazama ng'ombe. Ng'ombe akamtazama mkaguzi.

"Anaonekana ana afya," mkaguzi akasema.

"Amepumzika vya kutosha."

"Hamsini na moja."

"Hamsini na moja. Jina Sukari. Huyu hakuugua. Alichinjwa kwa ajili ya harusi." Nikageuza ukurasa taratibu, maana siku kama hiyo haiji mara mbili. "Harusi ya Bosi mwenyewe. Nadhani na shemeji alipata sehemu yake."

Shemeji akaangalia majani.

"Hamsini na saba."

"Hamsini na saba alikuwa dume."

Sote tukainama kidogo kutazama chini ya tumbo la namba hamsini na saba, ambapo palikuwa na kiwele kikubwa, kimejaa, kinadai kukamuliwa. Mkaguzi aliuma mdomo wake wa chini. Kazi yake haimruhusu kucheka, lakini mabega yake hayakuwa yameajiriwa.

"Meneja amebeba daftari la zamani," Bosi akasema. Sauti ilikuwa imepanda nusu ngazi.

"Daftari ni moja, Bosi. La zamani ndilo hili na jipya ndilo hili."

"Wewe…"

"Naam."

Mkaguzi akafunga kalamu yake, akanigeukia mimi, si yeye. "Hawa ni wa nani?"

"Wa jirani yetu, ng'ambo ya barabara. Wameingizwa hapa bila mimi kujua, na hori lile pale la maji ndilo wanalonywea ng'ombe wangu mchana. Kwa hiyo andika na hili: shamba hili leo liko siku ya kwanza. Mpaka siku ishirini na moja ziishe, siwezi kukuambia kwamba ng'ombe wangu ni wazima."

Akaifungua tena kalamu. "Hilo sikukuuliza."

"Najua. Ungekuja kuniuliza mwezi ujao, na ningekuwa nimekuuzia maziwa."

Aliandika mistari miwili. Akavua mabuti yake, akayatia kwenye mfuko, akampa Bosi mkono. "Mkifika sitini," akamwambia, "wa kwenu, wakiwa hai, mtupigie simu." Gari lake halikuwa limefika kwenye kona Jirani akawa anashuka kutoka barabarani kuwachukua wake. Alimwona wa kwanza, akasimama. Alimwona wa pili, akavua kofia.

"Nimekuazima ng'ombe," akamwambia Bosi. "Sikukuazima masikio."

Sitarudia yaliyofuata. Redio anayo yote, mwulizeni, ila mwende na chakula.

Saa saba nilikuta Bosi amekaa kwenye kiti changu ofisini, tai ameilegeza. Funguo nilikuwa nimeshazirudisha mezani.

"Wewe huna kazi hapa," akasema. "Mwisho wa mwezi uwe umetoka kwenye nyumba."

"Sawa," nikasema. Hiyo niliitafuna vizuri kwanza, na ilikuwa tamu. "Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Barua. Nikienda kwa afisa kazi ataniuliza barua iko wapi, na barua inataka sababu. Bila sababu atakuita wewe uende ukaieleze kwa mdomo, mbele ya karani wake, na yule karani ni binamu yake Redio."

Nilimpa karatasi. Nilimpa na kalamu, yangu. Nikachukua sindano za chanjo nikaanza kuziosha kwenye beseni, nimempa mgongo nusu, kama mtu mwenye adabu. Aliandika tarehe. Aliandika jina la shamba. Aliandika "Unaachishwa kazi kwa sababu ya", na kalamu ikasimama.

"Utovu wa nidhamu," akasema kwa sauti, akaanza kuandika.

"Upi, Bosi? Afisa kazi atataka maelezo."

"Kukataa amri halali."

"Ya kusema Sukari yuko hai? Wewe ulimla, utakuwa shahidi wangu."

Akaikunja karatasi, akatupa. Nikampa nyingine.

"Kulisababishia shamba hasara."

"Ya mkataba wa ng'ombe sitini, tukiwa na thelathini na nane. Andika hesabu hiyo vizuri, afisa kazi alikuwa mwalimu wa hesabu."

Ya tatu hakuiandika hata tarehe. Friji ikanguruma, ikanyamaza. Nje wakamuaji walikuwa wamezima maji ili wasikie vizuri.

"Ungeweza kukaa kimya," akasema mwishowe. Sauti haikuwa ya Bosi tena, ilikuwa ya mtu tu. "Neno moja, Mama. Ungesoma tu chochote."

"Nilishakaa kimya mara moja humu ndani. Ulikuwa likizo ya shule, ulikuja ukasimama pembeni ya shimo. Ulikuwa na sweta la kijani. Uliniuliza kama wanaumia."

Akaigeuza kalamu yangu mkononi.

"Ukinitoa, nitatoka," nikaendelea. "Mume wangu ameshaanza kuuliza bei za veranda. Lakini sitatoka kwa kosa la kusoma kilichoandikwa. Tafuta sababu ambayo unaweza kuitia sahihi na kuisoma kwa sauti. Ukiipata, mimi mwenyewe nitaipeleka posta."

Alisimama, akaitia kalamu yangu mfukoni mwake bila kujua. "Nitaiandika kesho."

"Na huku nyuma? Kuna midomo thelathini na nane ya kuangaliwa kila asubuhi. Nani ataanza kesho, wewe au shemeji?"

Aliangalia funguo. Akazisukuma upande wangu wa meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani asiyoipenda, akatoka.

Niliangalia midomo. Kila alfajiri kwa siku ishirini na moja, ulimi mmoja baada ya mwingine, mkono wangu mpaka kwenye kiwiko umejaa mate. Bondeni nilifunga, maji ya hori niliyamwaga, nikalisugua mwenyewe. Siku ya ishirini na mbili Bosi alikuja, akasimama mlangoni mwa banda.

"Umeona? Hakukuwa na ugonjwa wowote. Tumepoteza mkataba bure."

"Nimeona. Nimeona midomo thelathini na nane mara ishirini na moja. Wewe umeona mingapi?"

Sidai kwamba mambo yalikwenda vizuri. Gari la kiwanda sasa linapita mbele ya geti letu kila asubuhi likienda kwenye shamba lingine, na wakamuaji wengine waliniangalia kwa jicho la pembeni mwezi mzima, maana walikuwa wameshajenga banda jipya kichwani. Redio aliniambia usoni kwamba mimi ni kichwa ngumu. Nikamwambia ni kweli, na kwamba ndoo ya pili haijaoshwa. Jirani hatusalimii, ila nasikia na yeye amejenga kijizizi pembeni kwa ajili ya wageni. Sketi tisa zilikwisha, zikaja kaptula.

Barua sijaipata. Siku zote hizi Bosi hajasema nibaki na hajasema nitoke, na mimi sijamwomba asamehe kitu. Kila Jumatatu akija kukagua namwekea karatasi nyeupe mezani, na kalamu mpya juu yake, nanunua mwenyewe. Anakaa. Anaisogeza pembeni ili apate pa kuweka viwiko, anauliza ng'ombe wangapi wana mimba. Namjibu. Akishaondoka naitumia karatasi hiyo kuandika oda ya pumba.